Je, wajua kwa nini saksafoni ya Sonny Rollins husikika sikio moja tu?

Vaa hedifoni, kisha fungua "Way Out West", albamu ambayo Sonny Rollins, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, aliirekodi mwaka 1957. Sikio moja linapokea mlio wa kwato za farasi. Huyo ni Shelly Manne, mpiga ngoma, anagonga vipande vya mbao kuanzisha wimbo wa "I'm an Old Cowhand". Besi ya Ray Brown nayo inatokea sikio lile lile. Halafu, kutoka sikio la pili, inaingia saksafoni aina ya tenor, nene na tulivu, kana kwamba mwenyewe amesimama pembeni kabisa ya ukumbi. Katikati hakuna kitu.

Mara ya kwanza nilikagua waya. Nikabadilisha hedifoni, hali ikawa ile ile. Nikafikia uamuzi kwamba nakala yangu imeharibika, na kwamba dawa ni kutafuta toleo jipya, lile linalouzwa kwa maelezo kwamba limeandaliwa upya kutoka kwenye kanda mama, yaani kanda ya kwanza iliyotoka kwenye kikao cha kurekodi. Niliamini kabisa kuwa fundi wa toleo jipya ndiye mwenye kazi ya kurekebisha kasoro kama hizo, na kwamba angeirudisha saksafoni katikati, Brown amweke kushoto kidogo na Manne kulia kidogo. Nikalipata toleo hilo. Sauti ilikuwa safi zaidi, pumzi za Rollins zilisikika vizuri zaidi, lakini saksafoni ilikuwa palepale.

Kosa hili nimelikuta kwa wapenzi wengi wa muziki, na chanzo chake ni kuchanganya kazi mbili ambazo watu wa studio hawazichanganyi: kumiksi na kumasta. Kumiksi ni kupanga vyombo: nani awe mbele, nani nyuma, nani kushoto, nani apunguzwe. Kumasta huja baadaye. Ni kuchukua mpangilio uliokwisha kukamilika na kuutayarisha uende kwenye santuri, diski au faili: kusawazisha sauti nzito na nyembamba, kuhakikisha kasi ya kanda ni sahihi, kupima ukubwa wa sauti. Anayemasta hupokea chakula kilichoiva. Anaweza kukipasha moto na kukipakua vizuri, lakini hawezi kukitoa kitunguu ndani ya mchuzi.

Studio za siku hizi zimetuzoesha vibaya. Mtayarishaji wa leo hurekodi kila chombo kwenye njia yake. Mwimbaji akirudi siku ya tatu akasema gitaa linamfunika, gitaa linashushwa peke yake na wengine hawaguswi. Ndiyo maana tukisikia "kanda mama" tunapata picha ya hazina ambamo kila mwanamuziki amehifadhiwa kwenye droo yake. Kanda ya "Way Out West" haina droo tatu. Ina njia mbili tu, na wanamuziki ni watatu.

Fikiria mzega. Mchukuzi ana mti begani na debe kila upande. Tarehe 7 Machi 1957, katika debe moja alitiwa Rollins. Katika debe la pili walitiwa Brown na Manne pamoja, wakapiga kwa wakati mmoja, na sauti zao zikakorogeka pale pale zilipotua kwenye utepe. Miaka sitini baadaye fundi anaukuta mzega huo umefungwa. Anaweza kulipandisha debe moja au kulishusha. Anaweza kuyasogeza madebe yakaribie bega. Lakini hawezi kumtoa Brown ndani ya debe akamwacha Manne.

Msomaji makini ataniuliza hapo: kama Rollins yuko peke yake kwenye debe lake, si asogezwe yeye tu aje katikati? Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo lililonifungua macho. Inawezekana. Mtu yeyote mwenye programu ya kawaida ya kuhariri sauti anaweza kulifanya hilo jioni moja. Ila akimleta Rollins katikati, besi na ngoma zinabaki zimening'inia upande mmoja na upande wa pili unabaki mtupu, mzega umeelemea. Ili usawa urudi lazima debe la pili nalo lisogee katikati. Yakishakutana begani, stereo, yaani sauti ya pande mbili, imekwisha; umepata mono, sauti moja isiyo na kushoto wala kulia.

Kuna jambo jingine. Madebe haya humwagikiana. Wanamuziki walikuwa chumba kimoja, kwa hiyo maikrofoni za upande wa ngoma zilimsikia Rollins kwa mbali, na ya Rollins ikazisikia ngoma. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde. Kwa umbali wa mita 3, sauti ya saksafoni huchelewa takriban sehemu 9 za elfu za sekunde. Zikitenganishwa, nakala hizo mbili za sauti moja hazigombani. Ile iliyochelewa huleta hisia ya chumba. Ukiziweka juu ya mstari mmoja ni sawa na watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: wakipishana sawasawa kazi inakwenda, wakikosana kidogo michi inagongana. Baadhi ya masafa ya sauti huongezeka, mengine hupungua, na rangi ya saksafoni hubadilika. Katika rekodi ambayo maikrofoni zilikaa karibu na vyombo athari hiyo huwa ndogo, lakini ipo.

Sasa kwa nini walirekodi hivyo? Rollins, mzaliwa wa New York, alikuwa na miaka 26 na alikuwa Los Angeles na kundi la mpiga ngoma Max Roach. Brown na Manne walikuwa na kazi nyingi za studio mjini, hivyo kikao kikapangwa kuanza saa tisa usiku. Kampuni ilikuwa Contemporary Records ya Lester Koenig, na "studio" ilikuwa chumba cha stoo cha kampuni hiyo hiyo. Fundi mitambo aliitwa Roy DuNann. Maikrofoni zake za Neumann na AKG zilitoa mawimbi yenye nguvu kiasi kwamba aliyaingiza moja kwa moja kwenye mitambo bila kuyakuza kwanza, na wengi huona huo ndio mzizi wa usafi wa rekodi zake. Piano haikuwepo, kwa kuwa Rollins alitaka nafasi ya kutembea bila kuongozwa na mapatano ya piano, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Nadhani hilo nalo linaongeza ule utupu tunaousikia: kwenye rekodi nyingine za enzi hiyo piano ndiyo huziba pengo la katikati.

Mwezi ule wa Machi, santuri za stereo zilikuwa bado hazijafika madukani. Zilianza kuuzwa mwaka 1958. Nyumba nyingi zilikuwa na spika moja. Kwa mwenye spika moja, madebe mawili yalimwagwa katika chombo kimoja na suala la kushoto na kulia halikumhusu. Wachache walikuwa na mashine za kanda za stereo, na kwa hao mtengano mkubwa ulikuwa ndio fahari yenyewe. Mitambo mingi ya kuchanganyia sauti ya wakati huo pia haikuwa na kitasa cha kuisogeza sauti polepole kutoka pembeni hadi katikati, kwa hiyo kumweka mtu upande mmoja moja kwa moja ilikuwa njia ya kawaida ya kazi.

Jambo la pili ni hedifoni zenyewe. John Koss wa Milwaukee alizionyesha hedifoni zake za stereo za kusikilizia muziki mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya kikao hiki. DuNann alikuwa anawarekodia watu watakaokaa chumbani mbele ya spika, na chumbani hakuna sikio linalofungiwa nje. Spika ya kushoto ikilia, sikio la kulia nalo linaisikia, hafifu kidogo kwa kuwa kichwa kimeizuia, na kwa kuchelewa kusikofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kuta nazo zinaongeza mwangwi wao. Ubongo unakusanya tofauti hizo ndogo na kuamua: mpulizaji yuko pale, karibu na dirisha. Hedifoni zinaukata mchango wa sikio la pili. Ubongo unapewa jambo ambalo kwa kawaida humaanisha mtu mmoja tu, yaani mnong'onaji aliyebandika mdomo sikioni mwako. Ndiyo sababu husumbua.

Toleo jipya, basi, linaleta nini? Linaleta ukaribu na chanzo. Kila kanda ikinakiliwa kwenye kanda nyingine, mchakacho wa nakala ya pili hujumlishwa na wa kwanza, na ncha kali za sauti huchoka kidogo, kama karatasi iliyotolewa kopi ya kopi. Santuri na diski nyingi za kale zilitengenezwa kutoka nakala kama hizo, kwa kuwa kampuni hazikupenda kuichosha kanda mama. Mwaka 2023 kampuni ya Craft Recordings ilitoa "Go West!", mkusanyiko wa kazi za Rollins kwa Contemporary, ukiwa umemastiwa na Bernie Grundman kutoka kanda za awali. Grundman aliwahi kufanya kazi Contemporary kwenyewe katika miaka ya 1960, kwa hiyo anaijua sauti ya nyumba hiyo. Angeweza kuyakaribisha madebe. Aliyaacha yalipo, na mimi namuunga mkono.

Miaka ya karibuni zimekuja programu zinazoweza kutenga vyombo vilivyokwisha kuchanganyika, na mwaka 2022 teknolojia ya aina hiyo ilitumika kuimiksi upya albamu ya "Revolver" ya The Beatles. Kwa hiyo kile nilichosema kuhusu kitunguu na mchuzi hakina nguvu iliyokuwa nayo zamani. Bado, wanaonunua matoleo mapya ya jazi ya miaka ya 1950 wanalipia hasa ahadi kwamba kanda haikuchezewa.

Kama mtengano unakuumiza masikio, njia rahisi ipo mfukoni. Simu za iPhone na nyingi za Android zina swichi ya mono kwenye mipangilio ya ufikivu. Iwashe, utasikia kitu kinachokaribia alichosikia mwenye spika moja. Njia bora zaidi ni spika mbili za kawaida, zikiwa mbalimbali kiasi, nawe ukae mbele ya pengo lao. Saksafoni itasogea mbali na sikio lako na kupata sakafu ya kusimama.

Lakini kabla ya hapo, fanya jambo moja ambalo rekodi iliyopangwa kwa ustadi wa leo haiwezi kukupa. Toa hedifoni ya upande wa ngoma, baki na ya Rollins. Sikiliza "Solitude". Unasikia hewa ikipita kwenye tete kabla noti haijaanza, unasikia anavyoiacha sentensi katikati akapumua, na nyuma yake, kwa mbali sana, kutoka upande wa pili wa stoo, brashi za Manne zinapapasa ngozi ya ngoma.