Zitto Kabwe: kura za mtu, kiti cha chama

Watu wengi wanamkumbuka Zitto Kabwe, mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania, kwa hotuba zake. Mimi kazi yangu ni kusoma hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na hukumu za kesi za uchaguzi, na naona hotuba ndiyo sehemu ndogo zaidi ya habari yake. Kubwa ni kamati alizoziongoza, na kubwa kuliko hizo ni swali ambalo rekodi yake ya uchaguzi inaliweka wazi: kura alizopewa zilikuwa zake au za chama?

Kwanza tuitazame Kigoma. Mkoa ule ulizoea kumpigia mtu kura bila kujali sana bendera yake kabla Zitto hajamaliza shule. Mwaka 1994, Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA, chama cha upinzani, aligombea Kigoma Mjini katika uchaguzi mdogo, akatangazwa kushindwa, akaenda mahakamani. Miongoni mwa hoja zake ni jinsi Radio Tanzania ilivyoelemea upande wa CCM, chama tawala. Uchaguzi ukabatilishwa, na hukumu ile bado inasomwa na kila wakili wa kesi za uchaguzi nchini. Kabourou akashinda 1995 na tena 2000. Kisha tazameni 2010: kati ya majimbo manane ya mkoa, matano yalikwenda upinzani, manne yakiwa ya NCCR-Mageuzi, chama ambacho kwingine kilikuwa kimeshafifia.

Zitto, kijana wa Mwandiga mwenye shahada ya uchumi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliingia bungeni kupitia Kigoma Kaskazini katika uchaguzi wa Desemba 2005, akiwa na miaka 29. Alirudishwa 2010. Katikati hapo, Agosti 2007, alihoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao waziri wa nishati na madini alikuwa ameusaini London, na Bunge likamsimamisha kwa miezi kadhaa. Kabla mwaka haujaisha, Rais Kikwete alimteua kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini. Mapendekezo ya kamati hiyo yalichangia kupatikana kwa Sheria ya Madini ya 2010. Adhabu ile ilimpandisha.

Ila nguvu yake hasa aliipata kwenye hesabu. Kwa kanuni za Bunge letu, kamati zinazokagua matumizi ya fedha za umma huongozwa na mbunge wa upinzani. Zitto aliongoza Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, na ilipofutwa mwaka 2013 akachukua Kamati ya Hesabu za Serikali. Mwenyekiti wa kamati hizi anasoma taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu mstari kwa mstari, anawaita watendaji wakuu na kuwahoji nyaraka zikiwa mezani. Aprili 2012 taarifa za ukaguzi ziliwasha moto bungeni, Zitto akaanza kukusanya sahihi za kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Kura yenyewe haikupigwa, ila mwezi uliofuata baraza la mawaziri lilipanguliwa.

Sakata la Escrow ya Tegeta, la fedha zilizotolewa kwenye akaunti maalumu iliyokuwa Benki Kuu, nalipenda zaidi kulieleza, kwa sababu ni kazi ya wabunge wawili wa mkoa mmoja. David Kafulila wa Kigoma Kusini ndiye aliyelivalia njuga bungeni, na Novemba 2014 kamati ya Zitto ikaleta taarifa yake. Mwanasheria Mkuu Werema alijiuzulu, Profesa Tibaijuka, waziri wa ardhi, akaondolewa, na Profesa Muhongo, waziri wa nishati na madini, akajiuzulu Januari 2015.

Miezi miwili baadaye mwenyekiti huyo hakuwa mbunge tena. CHADEMA ilikuwa imemvua nyadhifa zake tangu Novemba 2013, na aliposhindwa mahakamani Machi 2015 ikamfukuza uanachama. Ibara ya 71 ya Katiba iko wazi: mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwenda. Wapiga kura wa Kigoma Kaskazini hawakuulizwa. Hilo linaniuma hadi leo, na ningelisema hivyo hivyo angekuwa mbunge wa chama chochote.

Oktoba 2015 aligombea Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, chama kilichosajiliwa mwaka mmoja tu kabla, na akashinda. Mpinzani wake wa CCM alikuwa Kabourou yuleyule, ambaye naye alishahama. Mgombea urais wa ACT, Anna Mghwira, alipata kura 98,763 nchi nzima, chini ya asilimia moja, na kiti cha Zitto kikawa jimbo pekee la chama hicho. Hapo jibu la swali langu linaonekana: chama kilikuwa bado kichanga, watu walimchagua mtu.

Mwaka 2020 kiti kilikwenda kwa Kilumbe Ng'enda wa CCM, katika uchaguzi ambao CCM ilitangazwa kushinda majimbo 256 kati ya 264, na ambao Zitto aliyakataa matokeo yake. Majimbo manne ya ACT safari hii yalikuwa Zanzibar, kwa wafuasi waliokuja na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani Zanzibar aliyehamia ACT kutoka CUF mwaka 2019. Mwaka 2025 Zitto alirudi Kigoma Mjini, akatangazwa mshindi Baba Levo wa CCM, msanii aliyewahi kuwa diwani wa ACT mjini hapo hapo.

Kabourou alihama, Zitto alihama, Baba Levo alihama, na kila mmoja alilazimika kutafuta chama kipya kabla ya kuwarudia wapiga kura walewale. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishaamua Juni 2013, katika shauri alilokuwamo Mchungaji Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama chochote, kunakiuka haki ya raia. Sheria yetu bado inamzuia.