Bahari imechafuka au imechafuliwa?

Sisi tunaofundisha Kiswahili chuo tukiambiwa tuingize mambo ya mazingira darasani, wengi tunakimbilia njia rahisi, unatafuta makala kuhusu yale Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa ya 2015, wanafunzi wanasoma, wanajibu maswali matano ya ufahamu, basi. Mi mwenyewe nimefanya hivyo miaka na miaka na kusema kweli hawabaki na kitu, insha zote zinaanza "mikoko ni muhimu sana kwa maisha yetu" utadhani wamenakiliana.

Mada haina neno. Kosa letu ni kuiacha lugha nje ya mlango, tunajifanya walimu wa bayolojia na hatuiwezi hiyo kazi.

Chukua hii. Hapa Lamu mtu akisema leo bahari imechafuka, kila mtu kaelewa, kuna mawimbi, dau lisitoke. Bahari imechafuliwa ni habari nyingine kabisa, hapo kuna mtu kamwaga kitu. Ni mnyambuliko tu, lakini la kwanza ni la upepo wa kusi na Mola wake, la pili lina mwenyewe. Sasa wape wanafunzi taarifa za habari wapige mstari chini ya vitenzi: mikoko imeharibika, ufuo umechafuka, maji yamepungua. Nani kafanya? Imeharibika inageuzwa imeharibiwa, halafu imeharibiwa na nani, na hapo zogo linaanza maana kuna ambaye babake ni mkata boriti za mikoko na karo yake imetoka hukohuko. Kutendeka na kutendwa, hiyo imo kwenye silabasi tangu zamani, hujaongeza hata mada moja.

Msamiati ndo utamu wenyewe. Lamu ndiyo kaunti yenye mikoko mingi kuliko zote Kenya, lakini muulize kijana wa mwaka wa pili akutajie aina, atakwambia mkoko, kanyamaza. Wapeleke kwa wazee wanaouza miti na mafundi wa majahazi, watarudi na mkandaa, mchu, muia, mlilana, mkomafi, kila mmoja na kazi yake, na mti ukishakatwa unabadilisha jina kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Tena wakaambiwa kwa nini vyumba vya nyumba za mawe mjini ni vyembamba, dari imelala juu ya boriti na boriti haizidi sana mita 3. Mmoja akasema kumbe chumba cha nyanya kimepimwa na mti. (Na mzee akisema "nti" usimsahihishe ukaandika "nchi", hicho ni Kiamu, lahaja ya hapa Lamu, andika kama kilivyotoka.)

Kwenye kusahihisha, tafadhali, pima lugha, usipime msimamo. Muhula uliopita kijana mmoja aliandika kuwatetea wakataji, hoja yake ni kwamba anayejua tofauti ya pau na boriti ndiye anayejua mti upi uachwe ukue. Nikampa alama za juu, mwenzangu akalalamika eti nimempa zawadi mharibifu wa mazingira. Nikamrudishia karatasi nikamwambia asome tena: kurasa mbili nzima, hamna kitenzi hata kimoja kisichokuwa na mtendaji wake.