Mchumi wa chuo hajui dola itashuka lini

Jumapili tulikuwa kwenye kikao cha harusi. Kabla mweka hazina hajafungua daftari, shemeji akaniita mbele ya watu: "Dokta, wewe ndiye mchumi wetu. Dola tununue sasa au tusubiri?" Nikamwambia sijui. Nikaona nyuso zao: wameelewa kwamba ninabana.

Sibani, shemeji. Sijui kweli.

Makala za kitaaluma za uchumi hupangwa kwa herufi za JEL, yaani mfumo wa kuzigawa kwa mada. E ni uchumi mpana, F ni biashara ya kimataifa na fedha za kigeni, I ni afya na elimu, J ni ajira, K ni sheria, N ni historia, na Z inabeba hadi utamaduni na michezo. Mimi niko I. Dola iko F. Mkeo akishikwa na uchungu humkimbizi kwa daktari wa meno, ijapokuwa naye ni daktari.

Na hao wa F wenyewe? Mwaka 1983 wachumi Richard Meese na Kenneth Rogoff waliijaribu mifano ya kihesabu ya kutabiri bei ya fedha za kigeni, ile iliyosifiwa wakati ule. Kwa utabiri wa kipindi kisichozidi mwaka, haikumshinda mtu anayesema tu kwamba bei ya kesho itakuwa ya leo. Tangu hapo wengi wamejitahidi, na jambo hilo bado ni gumu.

Najua inakotoka dhana kwamba kila mchumi anajua mambo ya dola. Tunaowaona kwenye taarifa ya habari ni watu kama marehemu Profesa Benno Ndulu: alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaongoza AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi wa Afrika, kule Nairobi, akafanya kazi Benki ya Dunia, kisha akawa gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, 2008 hadi 2018. Njia hiyo ipo, ila wanaoipita ni wachache. Wengi wetu tunaanza uhadhiri msaidizi, tunahangaika na shahada ya uzamivu, halafu tunatumia miaka kwenye swali moja dogo.

Swali dogo ni kama hili: ukiwapa watoto dawa ya minyoo, watahudhuria shule zaidi? Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walilifuatilia Busia, magharibi mwa Kenya, katika shule 75. Ugumu hauko kwenye kuhesabu watoto. Shule inayopata dawa mapema huenda ina mwalimu mkuu mchapakazi, au iko karibu na barabara, na hapo hujui kilicholeta mahudhurio ni dawa au mwalimu. Kwa hiyo shule ziligawanywa makundi 3 kwa kufuata orodha ya alfabeti, moja likaanza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Jingine ni kwamba minyoo huambukiza: ukimtibu Atieno, jirani yake naye anapona nusu. Ukilinganisha mtoto na mtoto ndani ya shule moja, faida ya dawa itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ndiyo maana walilinganisha shule na shule. Utoro ulipungua kwa robo. Alama za mitihani hazikupanda.

Kremer alipata Nobeli 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa njia hii ya majaribio. Humo hakuna dola hata moja ya kubashiri.

Mambo yenyewe hayakuishia hapo. Mwaka 2015 watafiti wa afya walioko London walirudia hesabu zile wakakuta makosa, hasa kuhusu faida iliyodaiwa kufika hadi shule za mbali kidogo kwa kuwa maambukizi yalipungua. Mabishano yakawa makali. Mimi nimesoma pande zote mbili na naamini athari kwa mahudhurio ndani ya shule zilizotibiwa ni ya kweli. Lakini Busia ya miaka ile ilikuwa na minyoo mingi mno, na mvua za El Niño zilikuwa zimepita. Matokeo yale yanasema nini kuhusu Singida? Darasani nalipita haraka swali hili, nami sina jibu linaloniridhisha.

Kuna linaloniuma zaidi. Mada zetu hufuata fedha. Miaka 4 iliyopita nilianza kuchunguza kama twisheni inawasaidia watoto wa shule za kata au inawamaliza wazazi mfuko tu. Ikaja kazi ya ushauri yenye malipo, na karo za wanangu zilikuwa zinasubiri. Dodoso zile bado ziko kwenye boksi chini ya meza yangu ofisini, shule 11, hazijaingizwa kwenye kompyuta. Shemeji analipia twisheni ya watoto watatu kila mwezi.