Machipukizi ya mianzi: maji mwaga, na hii biashara ya chupa tuiongelee

Tangu mvua ndefu zianze simu za ofisi hazitulii. Mianzi iliorodheshwa rasmi kama zao hapa Kenya mwaka 2020, watu wengi wakapanda, na saa hii vichaka vimekomaa, kila mvua ikinyesha machipukizi yanatoka na watu wamegundua yanalika. Hiyo ni habari njema na sisi wa afya ya umma hatuna shida nayo kabisa, wacha niseme hivo mapema kabla mtu hajasambaza kwa group ati serikali imepiga marufuku mianzi. Hakuna marufuku. Malalamiko tunayopata ni mawili: watu kuumwa na tumbo na kizunguzungu baada ya kula yasiyoiva, na chupa zinazouzwa sokoni na mitandaoni bila lebo, bila tarehe, zingine mfuniko umeshaanza kufura.

Tuanze na sufuria. Chipukizi bichi lina kitu kinaitwa taksifilini, ukilikata au ukilitafuna inageuka sayanaidi, ile ile ya muhogo mchungu. Inakuwa nyingi zaidi pale kwa ncha, na ncha ndo hiyo laini kila mtu anaing'ang'ania. Kiasi kinategemea aina ya mwanzi. Huu wa kawaida tunaouona kando ya mito, Bambusa vulgaris, ni mchungu kweli na unataka kazi. Dendrocalamus asper ni mtamu zaidi na kama unapanda kwa ajili ya jikoni panda huo, lakini hata huo unachemshwa, usije ukasema afisa alisema mtamu unalika hivihivi.

Bahati nzuri hii sumu ni dhaifu kwa moto. Sayanaidi yenyewe inageuka hewa kwa nyuzi 26 tu, kwa hivo ukichemsha sufuria ikiwa wazi inapaa na kwenda zake, ukifunika unairudishia. Dirisha pia fungua. Australia wanashauri vipande vyembamba vichemke dakika 8 hadi 10 kwa maji yenye chumvi kidogo. Sisi tunaambia watu dakika 20 hadi 30 manake najua vile mnakata, vipande kama vya kuni, tena Nairobi maji yanachemka kwa nyuzi kama 94, sio 100 kama Mombasa. Hayo maji mwaga. Onja kidogo, kama bado ni chungu rudia na maji mapya. Ukichemsha zima bila kukata hesabu saa moja kwenda juu.

Sasa kuna mambo nayasikia kila wiki na nimechoka kidogo. Magadi haiondoi sumu, magadi inalainisha tu. Uchungu sio dawa, hauponyi kisukari wala vidonda vya tumbo, uchungu ni ishara hujamaliza kuchemsha. Ile juisi ya machipukizi mabichi kwa blenda, ya kusafisha damu, sijui nani aliianzisha lakini aache, kwa sababu blenda ndo inafanya sumu itengenezwe haraka. Na "mimi nimekula miaka yote na sijakufa" sio kipimo, mtoto wako ana kilo 12 wewe una 80, sahani ni ile ile. Upande wa pili, ule unga mweupe unaouona katikati ya pingili baada ya kuchemsha hauna madhara, ni tairosini, sehemu ya protini ya chipukizi lenyewe. Hiyo haihitaji kuletwa ofisini.

Kuhifadhi ndo kunanikosesha usingizi. Mwezi wa tatu mwaka 2006 huko mkoa wa Nan, kaskazini mwa Thailand, watu walikula machipukizi yaliyofungwa nyumbani kwenye mikebe mikubwa, kwa sherehe ya dini. Watu 209 waliugua, 134 wakalazwa, 42 wakapumulia mashine. Ilikuwa ni botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria inayolegeza misuli mpaka ya kupumua. Na sio ati walikuwa wachafu, walikuwa wamechemsha. Shida ni kwamba bakteria huyu yuko kwa udongo, chipukizi linatoka kwa udongo, na mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka hata ukichemsha mpaka kuni ziishe. Ukishafunga mfuniko hewa ikaisha, na humo ndani hakuna asidi, umemjengea nyumba. Chakula kinaweza kukosa harufu, kukosa rangi mbaya, kukosa chochote cha kukuonya. Kuua hizo mbegu unataka nyuzi 121 kwa presha maalumu ya kufungia chakula, na huku kwetu juu presha inaongezwa zaidi. Ile presha kuka yako ya maharagwe haikutengenezwa kwa kazi hiyo, tafadhali.

Kwa hivo nyumbani usifunge machipukizi kwa chupa na maji ya chumvi pekee. Usifunge kwa mafuta na kitunguu saumu pia, najua inapendeza kwa picha. Kama una friza, chemsha, mwaga maji, poza, gawanya kwa mifuko, gandisha, kazi imeisha. Ukitaka achari, machipukizi yachemshwe kabisa kwanza, halafu siki yenye asidi ya asilimia 5 (soma lebo, zingine ni maji na harufu) iwe angalau nusu kwa nusu na maji, ikae kwenye fridji. Lengo ni pH, yaani kipimo cha asidi, isizidi 4.6, na vile vikaratasi vya kupimia vinauzwa kwa maduka ya maabara. Kuchachusha pia kunafaa, watu wa Manipur na Assam kule India wanafanya hivyo kila msimu, ila ni ufundi, anza na kidogo na upime.

Lakini kwa mtu wa kijijini bila stima mimi ningesema kausha. Wagisu wa Mlima Elgon upande wa Uganda wana malewa, machipukizi yanakaushwa kwa moshi juu ya jiko mpaka yanakuwa makavu kabisa, ukitaka kupika unayaloweka, unayachemsha, unamwaga maji halafu unayapika na njugu karanga iliyosagwa. Ni chakula kitamu sana, hiyo nasema kama mlaji. Kitu kikavu bakteria hana maji ya kukaa. Ila kikavu maana yake kinavunjika, sio kinapindika, na kikikaa kwa gunia lenye unyevu umerudi mwanzo.

Kwa wanaouza. Ukishauza hata chupa moja wewe sio mtu wa nyumbani tena, sheria ya chakula, Sura ya 254, inakuhusu. Unahitaji kibali cha biashara cha kaunti, leseni ya afya ya mahali unapotengenezea, cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, ambacho kinafanywa upya kila miezi 6 sio kila unapokumbuka, na alama ya KEBS, shirika la viwango, kwenye bidhaa. Lebo iwe na jina la chakula, viambato, uzito, jina na anwani yako, namba ya bechi, tarehe ya kutengeneza, ya mwisho, na namna ya kuhifadhi. Namba ya bechi watu wanairuka na ndo inatuwezesha kurudisha chupa 20 badala ya kufunga biashara nzima. Afisa akija ana mamlaka ya kuingia, kukagua, kuchukua sampuli na kuzuia mzigo. Ukikubali uharibiwe unaharibiwa, ukikataa tunaenda kortini na huko faini au kifungo sio mimi naamua. Na kama machipukizi hayo umeyakata msitu wa serikali bila kibali hiyo ni kesi nyingine, sheria ya misitu ya 2016, faini isiyopungua shilingi 100,000 au jela isiyopungua miezi 6, au zote. Watu wananiambia "lakini ni machipukizi tu". Sheria inasema mazao ya msitu.

Kama una chupa zilizofungwa vile nimekataza, usionje kujaribu. Usimpe nguruwe wala mbwa. Tia kwa mifuko miwili, funga, fukia kwa shimo refu, osha mikono na ile meza na dawa ya klorini. Na kama mtu ameshakula halafu saa 12 hadi 36 baadaye anaona vitu viwili viwili, kope zinaanguka, kumeza kunamshinda, hata kama hana homa, hospitali mara moja, na mwambie daktari waziwazi kwamba alikula machipukizi ya kufungwa, kwa sababu dawa ya kuzima hiyo sumu inafaa ikitolewa mapema na bila hiyo habari ataanza kutafuta kiharusi.