Koili zenye mikrohenri sawa si lazima zibadilishane

Mafundi wengi wa redio na chaja huamini kwamba koili (waya uliozungushwa kwenye kiini) iliyoungua inaweza kubadilishwa na nyingine yoyote, mradi thamani ya mikrohenri, yaani kipimo cha jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo, ilingane. Imani hiyo ina msingi, kwa sababu thamani hiyo ndiyo ya kwanza kutazamwa, na katika saketi za mkondo mdogo mara nyingi hutosha.

Tatizo huonekana kwenye saketi za kushusha umeme, kwa mfano kutoka volti 12 hadi 5 kwa mkondo wa ampea 2. Koili nyembamba inayofanana na rezista, hata ikiwa na mikrohenri 22 kamili, kiini chake hushiba sumaku mapema, yaani hufikia mahali ambapo hakiwezi kubeba sumaku zaidi. Kikishashiba, thamani hushuka ghafla, mkondo huruka juu, na transista inayowasha na kuzima mkondo huo ndiyo huumia. (Fundi humlaumu transista, maskini!) Waya mwembamba nao huongeza upinzani, na upinzani huzaa joto.

Msomaji anaweza kujihakikishia. Asome kwanza namba iliyoandikwa kwenye koili: 220 kwa kawaida humaanisha mikrohenri 22, si 220, kwani tarakimu ya mwisho huhesabu sifuri. Kisha alinganishe unene wa waya na ukubwa wa kiini, na apime upinzani kwa multimita koili ikiwa nje ya ubao. Kipimo hicho hakionyeshi kikomo cha kushiba. Hicho husomwa kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na kinapaswa kuzidi kilele cha mkondo, si wastani wake tu.