Tui zito huingia kwanza: darasa la mapishi la Chiang Mai kwa jicho la mpishi wa pwani

Ndani ya mji wa kale wa Chiang Mai, ule uliozungukwa na handaki la maji na mabaki ya kuta, ni vigumu kupita mtaa mmoja bila kukutana na tangazo la darasa la mapishi. Mji huu wa kaskazini mwa Thailand, ulioanzishwa na Mfalme Mangrai mwaka 1296 na kuwa makao ya ufalme wa Lanna, umejipatia jina miongoni mwa wasafiri kwa madarasa hayo, na wingi wa washindani umezuia bei kupanda sana. Mara nyingi msafiri hulipa kati ya bahti 800 na 1,500, kutegemea kama darasa ni la nusu siku au la siku nzima, na ndani ya malipo hayo huwamo usafiri wa kumfuata alipofikia, matembezi ya sokoni, viungo vyote na kijitabu cha mapishi. Kazi yangu ni kuwafundisha wageni mapishi ya pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo darasa la namna hii naliingia nikiwa mwanafunzi anayetaka kujua, lakini pia mwalimu anayetambua upesi mahali ambapo mwenzake amerahisisha mambo ili wageni wamalize kwa wakati.

Wasafiri wengi huchagua darasa kwa kuhesabu vyakula, na lenye vyakula saba huonekana bora kuliko lenye vinne. Nadhani hesabu hiyo inapotosha. Chukua mfano wa pad thai, ambayo karibu kila mgeni huitaka. Tambi za mchele zimekwisha kurowekwa, tofu imekatwa, choroko zilizochipua zimeoshwa, na mchuzi wa ukwaju, sukari guru na nam pla (maji ya chumvi yatokanayo na dagaa) umechanganywa tangu asubuhi. Mwanafunzi husimama mbele ya karai lenye moto mkali, humimina alichopewa kwa mpangilio anaoambiwa, hukoroga kwa dakika tatu, akala. Ni chakula kitamu, na historia yake inavutia, kwa kuwa kilienezwa na serikali ya waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram katika miaka ileile ambayo Siam ilibadilishwa jina kuwa Thailand mwaka 1939. Lakini aliyekipika hivyo amejifunza kukoroga tu. Maarifa ambayo ni shida kuyapata kwa kusoma yamo katika sehemu mbili za darasa ambazo matangazo huzitaja kwa haraka, nazo ni kinu na tui.

Nianze na kinu. Kwa kari, Wathai hutumia kinu kidogo kizito cha mawe chenye mchi wa mawe. Kile cha udongo chenye mchi wa mti ni cha som tam, saladi ya papai bichi, ambayo hupondwapondwa kidogo tu ili papai linyonye ndimu na pilipili bila kuvunjika. Vinu hivi viwili havibadilishani kazi. Viungo vya kari nyekundu kwa watu wanne vinaweza kuwa pilipili kavu kubwa nane hadi kumi zilizotolewa mbegu na kurowekwa, kijiko kidogo cha chumvi, mabua mawili ya mchaichai, kipande cha khulinjani (mzizi wa jamii ya tangawizi) chenye urefu wa kidole gumba, ganda la ndimu yao yenye ngozi iliyokunjamana, mizizi ya kotmiri, vitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu na, mwisho kabisa, kijiko kidogo cha kapi, yaani uduvi waliosagwa na chumvi na kuachwa wachachuke. Viungo vikavu kama mbegu za giligilani, bizari nyembamba na pilipili manga nyeupe hukaangwa bila mafuta na kusagwa kando.

Mpangilio wa kutwanga una sababu zake. Pilipili na chumvi hutangulia, kwa sababu punje za chumvi husaidia kusaga ngozi ngumu ya pilipili. Hufuata mchaichai na khulinjani, vyenye nyuzi zinazodai nguvu ya mkono. Vitunguu, vyenye maji mengi, husubiri hadi nyuzi zote zimelainika, kwani vikitangulia kinu hujaa majimaji, mchi huteleza na nyuzi hubaki nzima. Kazi hiyo huchukua dakika 15 hadi 20, na wageni wengi huchoka katikati. Mwalimu mwenye haraka hutoa mashine ya kusagia. Mashine hiyo hukata viungo vipande vidogo lakini haivipondi, na ili visu vyake vizunguke lazima uongeze maji, ambayo baadaye yatazuia viungo visikaangike mpaka yakauke. Hata hivyo tusiwafanye Wathai kuwa watu wa makumbusho: sokoni Chiang Mai utaona mabeseni yenye vilima vya viungo vilivyokwisha kutwangwa, vyekundu, vya kijani na vya manjano, na mama mwenye shughuli zake hupimiwa kiasi chake akaenda zake. Mgeni ana haja ya kutwanga walau mara moja ili ajue harufu sahihi inatoka lini. Baada ya hapo anaweza kununua bila aibu.

Sasa tui, ambalo ndilo hasa linalomhusu msomaji wa pwani. Sisi tunajua tangu utotoni kwamba nazi hukamuliwa mara mbili au tatu. Katika mchuzi wetu wa samaki, au katika kisamvu, tui jepesi ndilo linalotangulia jikoni na kuivisha chakula, na tui zito, ambalo wengine huliita kasimile, hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka bila kusimama ili lisikatike. Tui likikatika mbele ya mama mkwe, mpishi hujieleza. Katika kari za Thailand ya kati utaratibu huo hugeuzwa juu chini. Tui zito hutangulia peke yake ndani ya karai na huchemshwa makusudi hadi likatike: maji yanapungua, mapovu yanakuwa mazito, sauti ya kuchemka inageuka kuwa ya kukaanga, na mafuta angavu yanajitenga pembeni. Hapo ndipo viungo vilivyotwangwa hutiwa na kukaangwa katika mafuta hayo ya nazi, na tui jepesi hufuata mwisho ili kuongeza mchuzi.

Sababu yake si mazoea tu. Harufu ya mchaichai, khulinjani na ganda la ndimu imo katika mafuta asilia ya mimea hiyo, ambayo huyeyuka vizuri ndani ya mafuta na kwa shida sana ndani ya maji. Tena maji hayapiti nyuzijoto 100 yanapochemka, ilhali mafuta hupanda juu ya hapo na kuondoa ladha mbichi ya vitunguu na uduvi. Mpishi wa Kithai hupata mafuta ya kukaangia ndani ya nazi yenyewe, wakati sisi tunaanza na mafuta ya chupa kwa ajili ya vitunguu na kuiachia nazi kazi ya kulainisha mchuzi. Matokeo yanaonekana kwa macho: kari nzuri ya kijani au nyekundu huelea vitone vya mafuta yenye rangi juu yake, jambo ambalo mpishi wa kwetu angeliona kuwa ni kasoro, na mchuzi wetu wa nazi huwa laini na wa rangi moja, jambo ambalo wao wangeliona kuwa kari haijakaangwa. Hakuna aliyekosea, maana kila upande unatafuta kitu tofauti katika nazi.

Kutokana na hili nashauri swali moja la kuuliza kabla ya kulipa: je, darasani hutumika nazi iliyokamuliwa siku hiyo au tui la boksi? Matui mengi ya boksi na ya kopo hutiwa vishikizo vinavyozuia mafuta yasijitenge, kwa hiyo hata ulichemshe kwa muda mrefu halitakatika, na mwalimu atalazimika kuongeza mafuta ya kupikia bila kukueleza kwa nini. Katika masoko ya Chiang Mai wapo wauzaji wanaokuna nazi kwa mashine na kuikamua mbele yako, na darasa linalopitia kwao limeshakurudishia sehemu ya fedha zako. Baadhi ya madarasa ya mashambani, nje ya mji, bado huwaonyesha wageni mbuzi ya Kithai, kibao cha kukalia chenye meno ya chuma mbele, ambacho zamani wachongaji walikipa umbo la sungura.

Kari ambayo mtu wa Unguja, Mombasa au Maskati ataitambua kabla ya kuambiwa jina lake ni massaman. Ndani yake mna mdalasini, hiliki, karafuu na kungumanga, vyote vikiwa vimekaangwa vikavu kabla ya kusagwa, pamoja na viazi, karanga na ukwaju, na kwa kawaida hupikwa kwa nyama ya ng'ombe au kuku. Kari hii huhusishwa na Waislamu waliofika au kuishi Siam kutokana na biashara ya Bahari ya Hindi, na mimi ndiyo ningeichagua ikiwa darasa linaruhusu kari moja tu, kwa kuwa viungo vyake vikavu vyote tunavyo nyumbani na kinachobaki kujifunza ni mbinu tu. Kuhusu pilipili yenyewe, Wareno waliofika Malindi mwaka 1498 walikuwa Ayutthaya, mji mkuu wa Siam wa wakati huo, mwaka 1511, na pilipili za Amerika zilienea katika pande zote mbili za bahari baada ya safari za zama hizo. Kabla yake ukali wa chakula ulitoka kwenye pilipili manga.

Sehemu nyingine inayotenganisha darasa zuri na la kawaida ni kuonja. Vijitabu vya mapishi huandika vijiko viwili vya nam pla na kimoja cha sukari, lakini ndimu hutofautiana ukali, ukwaju hutofautiana uzito, na nam pla, yaani maji yanayochujwa kutoka kwa dagaa waliolala kwenye chumvi kwa mwaka mzima au zaidi, hutofautiana chumvi kati ya kiwanda na kiwanda. Mwalimu stadi humwambia mwanafunzi aonje, aseme kinachopungua, aongeze, kisha aonje tena. Katika tom yum ya kamba, supu kali na chachu ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2024 katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, maji ya ndimu hutiwa baada ya moto kuzimwa, kwa sababu yakichemka harufu yake huruka na uchungu hubaki. Darasa ambalo sufuria ya tom yum huletwa ikiwa imekwisha kukolezwa limekunyima somo lenyewe.

Lipo pia jambo ambalo madarasa mengi ya Chiang Mai hayalisemi waziwazi, nalo ni kwamba vyakula vinavyofundishwa hapo kwa sehemu kubwa si vya Chiang Mai. Kari ya kijani na tom yum ni vyakula vya kati, upande wa Bangkok, na som tam asili yake ni kaskazini mashariki. Mapishi ya Lanna hutumia nazi kidogo sana, na wenyeji hula wali wa kunata uliolowekwa usiku kucha na kupikwa kwa mvuke. Waombe wakufundishe nam prik num, pilipili ndefu za kijani zilizochomwa juu ya moto pamoja na vitunguu na vitunguu saumu, kisha zikapondwa kinuni. Ni rahisi mno, na labda ndiyo sababu haionekani kwenye matangazo. Khao soi, tambi za mayai katika mchuzi wa nazi na kari, zinazopambwa kwa tambi zilizokaangwa hadi kukauka, huhusishwa na Waislamu wa Kichina waliotoka Yunnan, ambao jamii yao ingali inaishi karibu na msikiti wa Ban Haw.

Msomaji Mwislamu hapaswi kukata tamaa, lakini aseme mahitaji yake wakati wa kuweka nafasi, si siku yenyewe. Nguruwe hutumika sana kaskazini, na karai na ubao wa kukatia huweza kutumiwa na watu wote. Bidhaa za viwandani, pamoja na nam pla na mchuzi wa chaza, mara nyingi hupatikana zikiwa na alama ya halali inayotolewa na Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand, kwa hiyo ni rahisi kukagua chupa. Kuhusu majira, miezi ya Novemba hadi Januari ina hewa ya baridi kidogo. Kuanzia Februari hadi Aprili moshi wa kuchoma mashamba na misitu hufunika bonde, na jiko lililo wazi halipendezi tena.

Ukirudi nyumbani, vitu vingi utavipata bila kuagiza. Mchaichai na ukwaju havina shida. Khulinjani huuzwa kavu kwenye maduka ya dawa za asili, ingawa ikiwa kavu lazima irowekwe na haitatoa ukali uleule. Nyanya chungu huchukua vyema nafasi ya bilinganya zao ndogo za kijani. Mrehani hufaa kwenye kari. Majani ya ndimu yao hayana mbadala wa kweli, na ganda la ndimu ya kwetu litumike kwa uangalifu kwa sababu huongeza uchungu. Mizizi ya kotmiri huhitaji tu kumwahi muuzaji wa mboga asubuhi na kumwomba asiikate, maana kwake yeye ni takataka anayoitupa kabla ya kufunga mafungu.