Si kila chembe cha moyo kinachouma ni vidonda vya tumbo

Msimu wa korosho ukianza, huku Mtwara utawasikia wengi: mabibo (yale matunda ya mkorosho) yameniamshia vidonda, uraka (pombe ya mabibo) umenichoma vidonda, pilipili ya jana imenigusia vidonda. Uliza vilionekana kwa kipimo gani. Mara nyingi hakuna kipimo. Kuna maumivu, na jina limeshatolewa.

Kidonda cha tumbo ni kidonda kweli, yaani ukuta wa ndani umelika hadi pakawa na shimo. Hukaa hasa sehemu mbili: ndani ya mfuko wa tumbo, au kwenye duodeni, kile kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Gesi si kidonda. Kiungulia nacho si kidonda.

Tatizo ni kwamba sisi tukisema tumbo tunamaanisha kila kitu, kuanzia mbavuni hadi kinenani. Lakini tufuate tonge la ugali. Likimezwa linashuka kwenye umio, mrija wa misuli wenye urefu wa kama sentimita 25 kwa mtu mzima, unaopita nyuma ya bomba la pumzi na nyuma ya moyo. Umio unapenya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, ndipo tonge linaingia kwenye mfuko wa tumbo. Mfuko huu uko juu, upande wa kushoto, na sehemu yake kubwa imefichwa na mbavu. Anayeshika chini ya kitovu akasema ana vidonda, hapo mara nyingi ameshika utumbo.

Ndani ya mfuko kuna asidi kali, na ukuta wake unalindwa na ute mzito. Umio hauna kinga ya namna hiyo. Asidi ikirudi juu, umio unaungua, na hicho ndicho kiungulia: moto unaopanda kifuani, hasa ukilala mara tu baada ya kula. Kinasumbua sana, na kina tiba yake.

Sasa chembe cha moyo, pale chini ya mfupa wa kifua ambapo kila mtu huweka kidole. Nyuma yake wamebanana majirani wengi: mwisho wa umio, mfuko wa tumbo, duodeni, kongosho, kipande cha ini. Juu tu ya kiwambo umekaa moyo wenyewe. Wagiriki wa kale nao waliuita mlango wa juu wa mfuko wa tumbo kardia, yaani moyo, na madaktari wanalitumia jina hilo hadi leo. Ujirani huu una hatari yake, kwa sababu shambulio la moyo linaweza kujitokeza kama maumivu ya chembe. Mzee anayetoka jasho jembamba huku pumzi inakata, akapewa dawa ya vidonda akalale, anacheleweshwa kufika hospitali.

Na visababishi je? Barry Marshall na Robin Warren, wakiwa Perth, Australia, walionyesha miaka ya 1980 kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo kikubwa cha vidonda hivi. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Wengi wanaoishi naye hawapati kidonda kamwe, kwa hiyo hata kipimo kikisema unaye, bado hakijasema una kidonda. Chanzo cha pili kiko mifukoni mwetu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Mtu anainama kutwa nzima akiokota korosho, jioni mgongo unamuuma, anameza diklofenaki, kesho tena, wiki inapita. Dawa hizo zinadhoofisha ile kinga ya ukuta. Chembe kikianza kuuma analaumiwa bibo! Bibo na pilipili vinaweza kumchoma mwenye kidonda, lakini si vyo vilivyochimba shimo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukifika zahanati usiseme "nimekuja na vidonda vyangu". Sema panauma wapi, uweke na kidole. Sema kama panatulia ukila au panazidi, na kama choo kimekuwa cheusi kama lami, maana hiyo ni dalili ya damu na haingoji kesho. Taja dawa za mgongo ulizomeza. Jina la ugonjwa mwachie anayepima.